Gertrude Benham: mwanamke aliyeifuata theluji ya Kibo

Ndugu msomaji, kitu kinachoonekana kila siku aghalabu hukoma kustaajabiwa. Mkazi wa Moshi hutoka nyumbani alfajiri kwenda msikitini, na iwapo mawingu yamejiondoa huiona Kibo imesimama mbele yake, nyeupe na kimya, kisha akaendelea na njia yake kama mtu aliyeona bati la nyumba ya jirani. Wakati huohuo wapo watu waliouza mali zao na kuvuka bahari ili wauone mlima huo mara moja tu kabla ya kufa. Wengine hawakuridhika na kuuona. Walitaka waukanyage.

Miongoni mwa hao alikuwamo mwanamke mmoja wa Kiingereza, jina lake Gertrude Emily Benham, aliyefika Moshi mwaka 1909, zama za utawala wa Wajerumani, akapanda Kilimanjaro hadi kwenye theluji ya juu wakati ambapo wanaume waliokwisha kufanya hivyo walikuwa wachache mno. Hakuwa Mwislamu wala hakuwa wa nchi hii, na hatumwandiki ili binti zetu wamuige katika kila alilolifanya. Tunaandika habari zake kwa sababu mbili. Kwanza, maisha yake yanaonyesha kwamba ujasiri hauzuki ghafla, bali hulelewa tangu utotoni. Pili, ndani ya kisa chake wamo watu wetu, waliobeba mizigo yake na kumwonyesha njia, ambao majina yao hayakupata nafasi katika vitabu. Mtu muadilifu, anaposimulia jambo, humpa kila mwenye haki haki yake.

Malezi na ujana

Gertrude alizaliwa London mwezi Julai mwaka 1867, akiwa kitinda mimba katika nyumba ya watoto sita. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa bidhaa za chuma. Haikuwa nyumba ya kifalme, ila ilikuwa na uwezo wa kutosha, na baba alikuwa na desturi moja iliyokuja kuamua mustakabali wa bintiye. Ilipofika likizo alimchukua wakaenda Uswisi, wakatembea pamoja katika milima ya Alps.

Ni vyema tukumbuke hali ya zama zile. Mlima Matterhorn, mmojawapo wa milima iliyoogopwa sana Ulaya, ulipandwa kwa mara ya kwanza mwaka 1865, miaka miwili tu kabla ya Gertrude kuzaliwa, na katika kushuka wanne kati ya wapandaji saba walianguka wakafa. Mwanamke wa kwanza kuufikia kilele chake, Lucy Walker, alifanya hivyo mwaka 1871. Wanawake walipanda wakiwa na magauni marefu yaliyofika miguuni, na watu wengi waliona kuwa mlima si mahali pa mwanamke. Baba aliyemchukua binti yake mdogo na kumfundisha kuweka mguu juu ya jiwe lililo imara, na kuliacha linalotikisika, alikuwa akifanya jambo ambalo majirani zake wengi hawakulifanya.

Mafunzo hayo hayakupotea. Kufikia mwanzoni mwa karne ya ishirini Gertrude alikuwa amekwisha kupanda milima ya Alps zaidi ya mara mia moja, ikiwemo Mont Blanc yenye urefu wa karibu mita 4,800, na Matterhorn yenyewe, yenye mita 4,478. Hata hivyo, safari zake za mbali hazikuanza hadi wazazi wake wote wawili walipokwisha kufariki. Ndipo, akiwa na kipato cha kadiri alichoachiwa, alipoanza kuuzunguka ulimwengu. Alikuwa amekaribia miaka 37, umri ambao watu wa zama zake walimhesabu mwanamke kuwa wakati wake umekwisha kupita.

Kutoka Kanada hadi Afrika

Mwaka 1904 alikwenda Kanada, katika safu ya milima iitwayo Rocky. Katika msimu mmoja tu wa kiangazi alipanda vilele vingi hata waongoza njia wenyewe wakashangaa. Huko kulitokea kisa ambacho wapanda milima wamekisimulia tangu wakati huo. Palikuwa na kilele kimoja ambacho hakijawahi kukanyagwa na mpandaji, nacho kilikusudiwa kubeba jina la profesa mmoja Mmarekani aitwaye Charles Fay, mpanda milima mashuhuri. Profesa huyo alitamani sana awe wa kwanza kukifikia. Mwezi Julai mwaka huo alitoka na mwongozaji wake, naye Gertrude akatoka na wake. Waongozaji hao wawili walikuwa ndugu kutoka Uswisi. Profesa akaishia njiani, Gertrude akafika juu. Mlima ulibaki na jina la profesa, naam, lakini daftari la wapandaji likaandika jina la mwanamke. Baadaye vilele vingine huko Kanada vilipewa jina la Truda, kifupi cha jina lake.

Baada ya Kanada alikwenda New Zealand, Japani, India na kwingineko. Mwaka 1908 akafika Amerika ya Kusini na kwenda kwa miguu kutoka Valparaiso, upande wa bahari ya magharibi, hadi Buenos Aires, upande wa mashariki. Kisha akageukia Afrika.

Inafaa tueleze namna alivyosafiri, kwani ndipo tabia yake inapodhihirika. Hakuwa na jeshi la watumishi kama mabwana wakubwa wa zama zile. Inasimuliwa kwamba hakubeba bunduki. Alibeba vitabu vichache, karatasi na rangi za kuchorea, na kikapu cha nyuzi. Alikuwa stadi wa kudarizi na kufuma. Jioni, hema likiwa limesimamishwa, alikaa na sindano yake, na alipopita katika vijiji alibadilishana kazi za mikono yake na kazi za mikono ya wenyeji: kikapu, mkufu, kitambaa, chombo cha udongo. Mwanamke wa kijijini ambaye hakujua neno la Kiingereza alielewa mara moja thamani ya mshono mzuri. Hapana shaka sindano ile ilimfungulia milango ambayo bunduki ingeifunga.

Mwaka 1909 alianza safari kutoka Broken Hill, mji ambao leo huitwa Kabwe, katika nchi ya Zambia. Akaenda kwa miguu hadi Abercorn, ambayo leo ni Mbala, karibu na ncha ya kusini ya Ziwa Tanganyika, mwendo wa mamia ya kilomita. Kutoka huko aliendelea hadi Uganda na Kenya, na hatimaye akaja chini ya Kilimanjaro.

Mlima kabla yake

Kabla ya kumfuata juu, tuutazame mlima wenyewe na watu wake.

Habari za Kilimanjaro zilijulikana pwani muda mrefu kabla ya Mzungu yeyote kuuona. Misafara ya Waswahili kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikienda Uchaggani kwa biashara. Johannes Rebmann, mmisionari aliyeiona theluji ya Kibo tarehe 11 Mei 1848, hakuja peke yake. Msafara wake uliongozwa na Bwana Kheri, Mswahili aliyeijua njia ile. Rebmann alipoandika kwamba ipo theluji karibu na ikweta, wanazuoni wa London waliokaa vitini mwao walimkadhibisha kwa miaka mingi. Ama wenyeji, wao walikuwa wakijua. Ipo simulizi iliyomfikia Rebmann kwamba mangi mmoja wa Machame aliwahi kutuma watu wakamletee kile kitu cheupe kinachong'aa huko juu, kwa kudhani huenda ni fedha. Wengi wao hawakurudi, na aliyerudi alikuwa ameharibika mikono na miguu kwa baridi. Kwa hiyo, hofu ya watu wa mlimani haikuwa ujinga. Ilikuwa elimu iliyonunuliwa kwa roho za watu.

Tarehe 6 Oktoba 1889 Mjerumani Hans Meyer na mwenziwe Ludwig Purtscheller, raia wa Austria, walifika kilele cha juu kabisa baada ya Meyer kushindwa katika majaribio ya awali. Katika kambi yao ya juu, wengine waliporudishwa chini, alibaki pamoja nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, akiangalia kambi na kupika katika baridi ile ambayo mtu wa pwani hakuwahi kuizoea. Wenyeji wa Marangu nao humtaja Mzee Yohani Kinyala Lauwo, aliyefariki mwaka 1996, kuwa miongoni mwa walioongoza msafara ule. Kilele kikapewa jina la mfalme wa Ujerumani, na jina hilo likabaki hadi nchi ilipopata uhuru mwaka 1961, ndipo kikaitwa Uhuru.

Kati ya mwaka 1889 na 1909 walijitokeza wapandaji wengine, lakini wengi waliishia kwenye ukingo wa kreta au chini yake. Ilipita miaka 20 kamili kabla ya watu wengine, Wajerumani wawili waitwao Lange na Weigele, kukifikia kilele kile cha Meyer, nao walifanya hivyo mwaka huohuo wa 1909. Hakukuwa na vibanda vya kulala njiani kama vilivyojengwa baadaye. Reli ya kutoka Tanga ilikuwa bado haijafika Moshi, kwani ilifika mwaka 1911. Kumbukumbu ya Mangi Meli, aliyenyongwa na Wajerumani mwezi Machi mwaka 1900, ilikuwa bado mbichi katika nyoyo za watu. Hiyo ndiyo Moshi aliyoikuta Gertrude.

Mifupa, mizigo na theluji

Alikusanya watu wachache: wapagazi watano, waongoza njia wawili na mpishi. Wakaanza kupanda. Njia ya mlima ule haijabadilika sana katika mpangilio wake. Mtu huanzia kwenye vihamba, penye migomba na mifongo ya maji iliyochimbwa na mababu. Huingia katika msitu mnene wenye unyevu na ukungu. Hutokea kwenye nyasi na vichaka vya baridi, kisha kwenye jangwa la mawe baina ya Kibo na Mawenzi, ambako upepo hauna kizuizi na usiku maji huganda. Mwisho hukabili mteremko mkali wa changarawe inayoporomoka, hata mtu akipiga hatua mbili hurudi moja. Huko juu hewa imepungua mno. Kwenye kilele, chenye urefu wa mita 5,895, pumzi moja humpa mtu takriban nusu tu ya hewa safi ambayo angeipata akiwa Tanga ufukweni. Kichwa huuma, chakula hukataliwa na tumbo, na akili hushauri kurudi.

Inasimuliwa kwamba walipofika mbali huko juu waliikuta mifupa ya watu wawili waliokufa katika msafara uliotangulia. Wapagazi waliingiwa na hofu kubwa wakaweka mizigo chini. Gertrude hakuwafokea wala hakuwapiga, na tukumbuke kwamba zama zile kiboko kilikuwa chombo cha kawaida mikononi mwa watawala. Aliinama, akachukua mzigo akajitwika yeye mwenyewe, akaanza kupanda. Walipoona mwanamke huyo anakwenda peke yake na mzigo mgongoni, waliona haya wakamfuata.

Walifika kwenye mpaka wa theluji. Hapo, inasemekana, walishuhudia jambo lililozidisha hofu yao. Kile kitu cheupe kilichowachoma vidole, kilipowekwa ndani ya chungu juu ya moto, kiligeuka kuwa maji. Mtu aliyekulia kwenye joto, ambaye hajawahi kuona barafu ya jokofu wala kusikia habari zake, angekiitaje kitu kinachounguza bila moto na kuyeyuka kama samli? Wakasema kimerogwa. Wakakataa kuendelea. Gertrude akawaacha hapo, akasonga mbele na kuingia katika theluji, huku ukungu ukija na kuondoka na dira ikiwa mkononi.

Alipanda hadi theluji ya juu ya Kibo, kisha akageuka na kushuka kwa salama, akawakuta watu wake, na wote wakarudi chini wakiwa hai. Jambo hilo la mwisho halitajwi sana na wasimulizi, nasi tunaliona kuwa kubwa. Mlima ule umechukua roho za wengi ambao mwili wao uliweza kupanda lakini nafsi zao hazikukubali kurudi.

Haki katika kushuhudia

Hapa, ndugu msomaji, pana jambo linalohitaji uangalifu. Katika baadhi ya maandiko utakuta Gertrude Benham ametajwa kuwa mwanamke wa kwanza kufika kilele cha Kilimanjaro. Katika mengine utakuta sifa hiyo amepewa Mwingereza mwingine, Sheila MacDonald, aliyekuwa na umri wa miaka 22 alipofika kilele cha juu kabisa mwaka 1927. Kauli hizi zinaweza kupatanishwa bila kumdhulumu yeyote. Kuna tofauti baina ya kupanda Kibo na kusimama juu ya ncha yake ya juu kabisa. Ukingo wa kreta ni mrefu, na kutoka sehemu nyingi za ukingo hadi kilele bado kuna mwendo wa saa nyingine katika theluji. Gertrude anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza kuipanda Kibo hadi huko kwenye theluji ya juu, mwaka 1909. Ama heshima ya kilele chenyewe, hiyo ni ya Sheila, mwaka 1927. Kumzidishia mtu sifa ambayo si yake ni dhuluma kwa mwenye nayo, na kumpunguzia sifa yake ni dhuluma vilevile.

Na maadamu tumeshika mizani, basi tuwapime na wapagazi. Wasimulizi wengi wa kisa hiki hukisimulia ili wasikilizaji wawacheke Waafrika walioogopa mifupa na maji. Tutazame upande wa pili. Wapagazi wa zama zile aghalabu walipanda bila viatu, na shuka moja ndiyo iliyokuwa nguo yao ya baridi. Walibeba mahema ambayo si yao, kuelekea mahali ambapo hawakuwa na haja napo, kwa ujira mdogo. Waliiona mifupa ya wawili ikiwa imelala njiani, wakaelewa inawaambia nini. Mwenye koti zito na buti anaposonga mbele huitwa jasiri. Mwenye miguu mitupu anaposimama kwenye mpaka wa theluji huitwa mwoga. Je, huo ni uadilifu? Laiti wangembadilishia Gertrude viatu vyao, huenda naye angesimama palepale, na asingelaumiwa na yeyote. Isitoshe, walikuwa wamekwisha kuishinda hofu yao mara moja pale walipoona mifupa, wakatwaa mizigo na kuendelea. Kufika kwao hadi kwenye mpaka wa theluji ni ushujaa kamili, nao unastahiki kuandikwa.

Hata hivyo majina yao hayamo vitabuni. Tunajua idadi yao na kazi zao, basi. Msafara wa Meyer walau ulituachia jina la Mwini Amani, na wa Rebmann ukatuachia jina la Bwana Kheri. Watu wanane wa mwaka 1909 walishuka kutoka mlimani, wakalipwa, wakarudi makwao. Si ajabu wajukuu na vitukuu vyao wangali wakipita leo katika mitaa ya Moshi bila kujua.

Miaka ya baadaye na mauti baharini

Kilimanjaro haikuwa mwisho wa safari zake. Mwaka 1913 aliivuka Afrika kutoka magharibi hadi mashariki. Alianzia Nigeria, akapita Kameruni na Kongo hadi Ziwa Tanganyika, akashuka Nyasa, yaani Malawi ya leo, na kutokea pwani ya Msumbiji. Ulikuwa mwendo wa karibu maili 3,700, sawa na takriban kilomita 6,000, uliomchukua miezi kumi na moja hivi, sehemu kubwa akiwa kwa miguu. Mwaka 1916, Shirika la Kifalme la Jiografia la London, ambalo ni mwaka 1913 tu ndipo lilipofungua kabisa mlango wake kwa wanawake, lilimpokea kuwa mwanachama.

Katika miaka ya 1920 na 1930 alirudi mara kwa mara India na katika milima ya Himalaya. Alitamani sana kuingia Tibet, akawaandikia watawala barua baada ya barua. Mara nyingi walimkatalia, naye kila alipokataliwa aliomba tena kwa adabu. Inahesabiwa kwamba katika uhai wake alipanda zaidi ya milima 300 yenye urefu unaozidi futi 10,000, yaani zaidi ya mita 3,000, na kwamba aliuzunguka ulimwengu mara saba. Hakuolewa, na hakuacha mtoto.

Alichokiacha ni vitu alivyovikusanya. Katika miaka ya 1930 aliitoa hazina yake kwa jumba la makumbusho la mji wa Plymouth, kusini magharibi mwa Uingereza. Ni mamia ya vitu: mavazi, mapambo, vyombo, vitu vya kuchezea watoto na kazi za mikono kutoka mabara mbalimbali, vingi vikiwa vimebadilishwa kwa sindano na uzi. Hakuvirundika nyumbani ili ajifakharishe navyo. Aliwaachia watu wa kawaida ambao wasingeweza kusafiri, ili nao waone.

Mwanzoni mwa mwaka 1938, akiwa na miaka 70, alikuwa Afrika kwa mara nyingine. Akapanda meli kurejea kwao, na njiani, katika maji ya pwani ya Afrika Mashariki, akafariki. Alizikwa baharini. Mwanamke aliyekanyaga vilele vya mabara yote hayo hana kaburi juu ya ardhi. Bahari yetu hii ya Hindi ndiyo iliyomfunika. Ardhi ni ya Mwenyezi Mungu, na hakuna nafsi ijuayo itafia wapi.

Mafunzo kwa familia zetu

Huenda msomaji akauliza: sisi tunafaidika nini na maisha ya mwanamke huyu? Suala la mwanamke kusafiri peke yake limezungumzwa na mafakihi kwa upana, na hatukusudii kulifungua hapa. Yapo mengine ya kuzingatia.

La kwanza ni la baba. Tazama jinsi matembezi ya likizo, ya mzazi na mtoto wa mwisho, yalivyozaa mtu ambaye miaka 40 baadaye hakushtushwa na mlima wa mita karibu elfu sita. Mara ngapi sisi akina baba humchukua kijana wa kiume shambani, dukani na safarini, ilhali binti tunamwachia mama jikoni, kisha akishindwa kusema mbele za watu tunauliza kwa nini ni mwoga? Mtoto hujifunza uthabiti kwa kushikwa mkono na mtu anayempenda, akavushwa mahali pagumu, kisha mkono ukaachwa taratibu. Anayeishi Moshi hana haja ya kwenda Uswisi. Msitu upo, mito ipo, njia za Marangu, Machame na Kibosho zipo. Ni matembezi ya nusu siku, na mazungumzo njiani yatafundisha zaidi ya mawaidha mengi ya sebuleni.

La pili ni la sindano. Gertrude hakuona kwamba kazi za mikono zinapingana na ujasiri. Kudarizi kulimfaa safarini kuliko silaha. Mabinti wetu waliofundishwa kushona, kusuka mikeka na kupamba kofia wasiambiwe kwamba hiyo ni kazi ya wasiosoma. Elimu ya darasani na ufundi wa mikono ni mabawa mawili ya ndege mmoja.

La tatu ni la mwajiri na mwajiriwa. Wapagazi wa Kilimanjaro wapo mpaka leo kwa maelfu, na siku hizi wamo wanawake miongoni mwao, wengine wakiwa wapagazi na wengine waongoza njia. Kanuni za hifadhi zimeweka kikomo cha kilo 20 kwa mzigo wa mgeni abebao mpagazi mmoja. Kikomo hicho kipo kwa sababu bega la mwanadamu si la punda. Anayemwajiri mpagazi akamzidishia mzigo, akamnyima blanketi au akamcheleweshea ujira wake, ajue kwamba amebeba mzigo mzito kuliko ule wa mgongoni.

La nne, nalo ndilo la haraka zaidi, ni la majina. Katika nyumba nyingi za Moshi, Old Moshi, Marangu na Kibosho bado wapo wazee ambao baba zao au babu zao walibeba mizigo ya wageni mlimani. Wanajua nani alipanda, mwaka gani wa njaa au wa mvua, nani alirudi amekatika vidole kwa baridi, na nani hakurudi. Elimu hiyo haimo katika maktaba yoyote. Imo vifuani, na vifua vinazikwa kila wiki. Habari za Gertrude Benham tunazipata leo kwa sababu wapo walioziandika na kuzihifadhi. Watu wanane aliokwenda nao hawakuwa na mwandishi.

Basi leo baada ya swala ya Ijumaa, mnapokusanyika kwa chakula, mpe mwanao, wa kiume au wa kike, daftari na kalamu, umketishe karibu na bibi au babu, amwulize: nani katika ukoo wetu alikwenda mlimani? Aandike jina la mtu, jina la baba yake, mahali alipotoka na alichokiona. Lisizidishwe neno wala lisipunguzwe. Kisha daftari hilo litunzwe pamoja na nyaraka nyingine za nyumba. Mlima utakuwepo. Wazee hawatakuwepo.

Mwenyezi Mungu atujaalie uadilifu katika kauli zetu na subira katika miinuko yetu.